Foleni ya Kituo cha Nne

Asubuhi ya Alhamisi, Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye baraza la ofisi ya utalii ya wilaya, akiziba pancha ya baiskeli ya Mkurugenzi. Alisugua tyubu kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza, akabandika kiraka na kukikandamiza kwa kidole gumba huku akihesabu kimoyomoyo mpaka sitini. Mkurugenzi alisimama pembeni yake na kofia ngumu kichwani, mkanda umekazwa chini ya kidevu, kana kwamba ajali ingeweza kumkuta hapo hapo barazani.

"Kimeingia nini?"

"Mwiba."

"Miiba," alisema Mkurugenzi, akaandika kwenye daftari lake. "Hiyo ni changamoto."

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane. Kwa miaka ishirini alikuwa ametengeneza baiskeli kwenye kibanda nyuma ya soko, na ofisi ilimwajiri kwa sababu hakukuwa na kichochoro cha kwenda mtoni ambacho hakukijua. Kazi yenyewe ilikuwa kupima njia mpya ya baiskeli, kilometa arobaini na mbili, itakayounganisha majengo na mabaki ya kale yaliyo kando ya mpaka. Ukanda huo wote ulikuwa umefungwa na jeshi tangu nchi mbili zilipogombana. Sasa zilikuwa zimepatana, zimetia saini na kubadilishana kwaya. Waya zilikuwa zimeondolewa mwaka uliopita, na wilaya ilitaka wageni.

Waliondoka saa mbili. Kituo cha kwanza kilikuwa ngome ya mawe, na Mkurugenzi akaandika, "Paa hakuna." Kituo cha pili kilikuwa tanuri la chokaa, akaandika, "Popo." Cha tatu kilikuwa handaki la askari, na hapo hakuandika kitu kwa sababu kalamu ilimwangukia ndani na muda ukaishia kuitafuta. Saa tano kasorobo walifika kituo cha nne, yaani nyumba ya zamani ya uhamiaji karibu na daraja, wakakuta foleni.

Ilianzia kwenye dirisha la mbao lililofungwa, ikapita uani kandokando ya uzio, ikazunguka tangi la maji na kuishia darajani. Walikuwa watu wazima, wanaume kwa wanawake, wenye mabegi, mafurushi na magodoro yaliyokunjwa. Suruali zao zilikuwa pana chini, kama zilivyokuwa zikivaliwa zamani. Mmoja alikuwa na redio iliyokuwa ikitangaza mechi ya mpira, timu moja ikiongoza kwa bao moja, na wachezaji wote waliotajwa walikuwa wameshastaafu au wameshakufa. Mbele kabisa, mita moja kutoka dirishani, alisimama mama mnene aliyejitwika cherehani kichwani. Chini ya miguu yao hakukuwa na jani hata moja. Kwingine kote nyasi zilifika magotini.

Mkurugenzi alishuka kwenye baiskeli akawahesabu mara mbili. "Foleni," aliandika. "Watu sabini na watatu. Hali: nzuri."

Mwanamke aliyekuwa akipalilia shamba lake upande wa pili wa uzio alinyoosha mgongo ili awatazame.

"Wamesimama hapa tangu lini?" Mkurugenzi alimuuliza.

"Mimi nimerudi shambani kwangu mwaka jana, nikawakuta. Ila askari wa doria walisema wapo tangu dirisha lifungwe."

"Na hamkutoa taarifa?"

"Kwa nani, bwana? Huku hakukuwa na njia."

Hilo Mkurugenzi aliliona kuwa jibu zuri, akaliandika pia. Kisha alimtuma Fundi apite mtu mmoja mmoja, anakili hati zao kwa ajili ya kumbukumbu. Fundi alianzia mbele. Walimwonyesha hati bila ubishi, kwa sababu kwa muda mrefu walikuwa wakisubiri mtu wa kuja kuzitazama. Wote walikuwa raia wa upande huu. Walikuwa wakifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao ng'ambo ya mto, na ugomvi ulipoanza walivuka daraja kurudi kwao. Kilichobaki kilikuwa muhuri wa kuingilia nyumbani.

Wa arobaini na moja alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu, masikio yametoka nje kidogo. Fundi alisoma jina kwenye hati, akalisoma tena. Kisha akatazama kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni mwake mwenyewe, kwa sababu jina la pili lilikuwa lile lile.

"Dada," alisema yule kijana, "dirisha linafunguliwa saa ngapi?"

"Sijui," alisema Fundi.

"Samahani kukusumbua. Una maji?"

Fundi alimpa chupa yake. Kijana alikunywa yote, na maji yote yakamwagika chini papo hapo, kati ya viatu vyake, yakafanya tope. Alirudisha chupa kwa mikono miwili, akashukuru. Midomo yake ilikuwa bado imepasuka.

Mkurugenzi alipoona tope alikunja uso. "Hapa matairi yatateleza," alisema. Wiki iliyofuata ofisi ilisimamisha kibao cha bluu chenye mchoro wa baiskeli, na chini yake maandishi: TAFADHALI USIWAPE MAJI.

*

Mambo yalivyokuwa, yalikuwa yakijulikana na watu wachache waliokuwa na sababu ya kunyamaza. Siku ile watu walipovuka daraja, Ofisa wa uhamiaji alifungua dirisha saa nane mchana, akagonga mihuri minne, kisha simu ikalia. Aliambiwa asubiri uhakiki. Akafunga dirisha. Upande wa pili wa daraja nao walikuwa wameshafunga geti lao, kwa hiyo watu wakabaki uani, kati ya uzio na mto. Tangi la maji lilikuwa pale pale, lita elfu mbili, lakini bomba lake lilikuwa ndani ya ofisi. Siku ya tisa simu ililia tena kusema uhakiki umekamilika. Ofisa alifungua dirisha na hakuona mtu aliyesimama. Lilikuja lori, na baada ya lori likaja lingine lenye chokaa. Familia zilipelekewa barua fupi kuwa ndugu zao wameamua kubaki ng'ambo kwa hiari yao.

Mama yake Fundi alipata barua hiyo akiwa na miaka ishirini na miwili na mtoto wa miezi minne. Alilia wiki mbili, kisha akakasirika, na hasira yake ilikuwa na afya nzuri kuliko yeye. Mtu alipomuuliza habari za mumewe, alijibu, "Yuko kwa mkewe." Alipopika, alipofua, alipomchana mtoto nywele, alimtukana mumewe kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani. Mtaani walimwita Aliyeachwa. Fundi alikua akijua kuwa baba yake ni mtu asiye na haya.

Jioni ile ya Alhamisi, Fundi alinawa grisi mikononi, akaketi jikoni.

"Mama, nimemwona baba."

Mama yake aliendelea kuchambua mchele. "Kazeeka?"

"Hapana."

"Wanaume wa aina ile hawazeeki. Yuko na nani?"

"Yuko kwenye foleni, mama. Pale uhamiaji ya zamani. Hakuwahi kuvuka."

Mama alitoa jiwe moja kwenye mchele, akaliweka mezani, akalitazama. Kisha alisema, "Kesho utanipeleka."

Alipiga pasi gauni lake la kijani, akapaka mafuta usoni, akakaa kwenye karia ya baiskeli akiwa ameshika kiuno cha binti yake. Kilometa kumi na tisa nzima hakusema neno, isipokuwa mara moja kwenye mteremko, alipomwambia apunguze mwendo. Uani alipita kandokando ya foleni akihesabu kwa kidole, mpaka alipofika wa arobaini na moja.

Kijana alimwona mama mtu mzima amesimama mbele yake, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Fundi alikuwa ameinama kwenye gurudumu la nyuma, akijifanya anakaza spoku ambazo hazikulegea. Kisha akasikia sauti ya mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri tu, mama. Ni hili dirisha. Unatoka upande wa mjini?"

"Natokea huko."

"Basi nisaidie jambo. Mke wangu anakaa karibu na mashine ya kusaga, nyumba yenye mlango wa bluu. Mwambie nimekwama kidogo, leo leo naingia. Na mtoto nimempatia dawa." Alitoa mfukoni kichupa cha dawa ya kikohozi, akamwonyesha lebo yake. "Alikuwa anakohoa mno nilipoondoka. Hujasikia kama kapona?"

"Kapona," alisema mama.

"Mungu mkubwa."

Mama alitazama kile kichupa. "Watu wanasema wanaume wa kiwandani wamepata wake wengine huko ng'ambo."

Kijana alicheka mpaka aliyekuwa mbele yake akageuka. "Mimi? Mama, wewe humjui mke wangu. Ana ulimi yule! Nikichelewa dakika kumi tu najieleza mpaka usingizi unanishika. Nikaoe mwingine nipate wapi nguvu?"

Mama alicheka pia. Alicheka vizuri, meno yote nje, mkono mmoja kifuani, kisha akamuaga na kurudi kwenye baiskeli. Walikuwa wameshapita tanuri la chokaa ndipo aliposema, kisogoni mwa binti yake, "Miaka thelathini na minane namtukana mtu aliyesimama juani."

*

Muhuri wa zamani wa uhamiaji ulikuwa kwenye kabati la vioo, ghorofa ya pili ya ofisi ya wilaya, umewekwa juu ya kitambaa chekundu pamoja na wino wake. Fundi aliomba funguo kwa ajili ya kukaza bawaba ya mlango wa kabati, akakaza bawaba, akauficha muhuri pamoja na wino kwenye mfuko wa spana. Mchana ule ule alikuwa uani mbele ya baba yake. Aliichukua hati, akaiweka juu ya tandiko la baiskeli na kuugonga muhuri kwa nguvu. Karatasi ilibaki safi. Aligonga mara ya pili na ya tatu. Wino ulimchafua vidole, ukachafua tandiko, lakini haukushika kwenye hati.

Kijana alimwondolea karatasi mkononi taratibu, akaipangusa kwa shati.

"Dada, usiniharibie hati. Hiyo ni kazi ya Ofisa."

"Ofisa hayupo."

"Atarudi. Sisi tumevumilia siku zote hizi, tukiingia kwa njia za panya sasa hivi si watatufunga?"

Kwa hiyo Fundi alikwenda kwa Ofisa. Alikuwa mzee wa miaka sabini na tisa sasa, mtu safi, mpole, aliyefuga sungura nyuma ya nyumba na kuwagawia watoto wa jirani bure. Mtaa mzima ulimsalimia kwa kupunguza mwendo. Alimkaribisha Fundi kiti, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, huku sungura mmoja amelala mapajani mwake.

"Nawakumbuka," alisema. "Walikuwa watu wastaarabu sana. Hawakuvunja dirisha."

"Kwa nini hukuwapa maji, mzee?"

"Maji yalikuwa ya watumishi." Alimpapasa sungura masikio. "Lakini mihuri wanastahili. Uhakiki si ulikamilika? Watu sabini na watatu, nikikaa vizuri, ni kazi ya saa moja. Niletewe barua tu kutoka ofisini. Mimi sijawahi kugonga muhuri bila barua."

Fundi alipanda baiskeli na kwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Alimkuta ametandika ramani mpya mezani, yenye harufu ya kiwandani. Njia ilikuwa mstari wa kijani, na kila kituo kilikuwa na picha yake ndogo. Picha ya kituo cha nne ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Saa moja!" alisema Mkurugenzi. "Na baada ya hiyo saa moja, mgeni akifika kituo cha nne ataona nini?"

"Ataona nyumba."

"Nyumba zipo kila mahali, Fundi. Ngome zipo. Wilaya jirani wana ngome mbili, na zina paa." Alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, na jambo hilo lilimhuzunisha. "Unafikiri mimi sina roho? Najua mmoja wao ni mzee wako. Lakini kumaliza urithi wote kwa asubuhi moja, hapana. Huo si uhifadhi."

Kamati ya utalii ya wilaya ilikaa Jumatatu. Ilijadili kwa saa tatu na ikapata njia ya kati, ambayo kila mjumbe aliisifu. Mtu mmoja angegongewa muhuri kila mwaka, siku ya ufunguzi wa msimu, mbele ya wageni. Foleni ingeheshimiwa, bila kurukwa mtu. Mkurugenzi alimletea Fundi habari mwenyewe, kibandani, kama zawadi.

Fundi alimweleza mama yake jioni, mlangoni. Mama hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Ofisa ana umri gani?"

"Sabini na tisa."

Mama alifunga macho, midomo ikicheza. Alipofungua alikuwa ameshamaliza hesabu.

Kesho yake alichemsha uji, akautia kwenye chupa ya chai na kwenda nao kwa Ofisa. Alirudi huko asubuhi iliyofuata, na iliyofuata. Alimpikia mboga za majani na kumpunguzia chumvi. Alimkataza sigara, akazitafuta alikozificha chini ya banda la sungura na kuzitia maji. Alimpeleka zahanati kupima presha, akamshika mkono kwenye ngazi, akamkata kucha za miguu kwa sababu alisikia kuwa wazee hufa kwa kidonda cha kidole. Kila jioni alimtembeza mpaka mwisho wa barabara na kurudi, akimhimiza anyanyue miguu.

Ofisa alinenepa kidogo. "Mama huyu ana moyo," aliwaambia majirani. "Wala si ndugu yangu."

Mtaani nao walisema walichosema. Walisema Aliyeachwa amepata mzee wa kumtunza, na kwamba kwa umri ule angeona haya. Mama alisikia, maana walisema kwa sauti, lakini hakumjibu mtu. Siku moja tu Fundi alimkuta amesimama jikoni kwa Ofisa, kisu mkononi, amekitazama muda mrefu. Kisha akakata karoti, vipande vidogo vidogo, kwa kuwa mzee hakuwa na meno ya nyuma.

"Akila vizuri anaweza kufika tisini na tano," alimwambia binti yake.

"Mama, baba ni wa arobaini na moja."

"Najua baba yako ni wa ngapi."

*

Ufunguzi ulifanyika Jumamosi. Walikuja waendesha baiskeli mia moja na ishirini kutoka pande zote mbili za mpaka, wamevaa fulana za njano, na Fundi aliwafuata na pampu, viraka na mfuko wa spana. Ngomeni walipiga picha. Kwenye tanuri la chokaa mtu mmoja aliuliza chokaa ile ilitumika kwa kazi gani, na Mkurugenzi akasema ni kwa ujenzi. Kituo cha nne walishuka wote wakajipanga upande wa pili wa uzio, na wengi walivua kofia.

Ofisa alikuwa ameshakaa ndani. Mama yake Fundi alikuwa amemleta mapema kwa gari la ofisi, akamwekea mto mgongoni na kumvalisha sweta, kwa kuwa chumba kile kilikuwa na unyevunyevu. Saa tano kamili dirisha la mbao lilifunguliwa. Lililia kwenye bawaba zake, na watu sabini na watatu wakainua nyuso kwa pamoja.

"Wa kwanza," alisema Ofisa.

Mama mwenye cherehani alisogea. Hakuweza kuitua peke yake, kwa hiyo alitoa hati huku ameishika cherehani kwa mkono mmoja. Ofisa alisoma karatasi mbele na nyuma, akamuuliza kama ana kitu cha kutangaza, akagonga. Wino ulishika.

"Karibu nyumbani," alisema Ofisa.

"Asante, baba."

Alipita getini, akashika njia ya baiskeli kuelekea mjini, akitembea haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Waendesha baiskeli walimpisha. Alipofika kwenye kona hakuonekana tena, na wengi walikubaliana kuwa amefika. Watu walipiga makofi. Ofisa alikohoa mara mbili, na mama yake Fundi akanyanyuka haraka, akamfunga kifungo cha juu cha sweta. Kisha akafunga dirisha.

Mkurugenzi alipuliza filimbi. Kituo cha tano kilikuwa mbele, na kabla yake kulikuwa na mteremko mzuri ambao ramani iliutaja. Fulana za njano ziliondoka mbili mbili, kengele zikilia, mpaka uani akabaki Fundi peke yake, akimalizia tairi la mgeni mmoja lililokuwa likivuja hewa.

Foleni ilijisogeza. Ilianza mbele ikaja nyuma taratibu, kila mtu akiokota chake na kukitua tena. Kijana wa arobaini na moja, ambaye sasa alikuwa wa arobaini, aliinua begi lake, akapiga hatua moja, akaliweka chini kwa uangalifu. Alimgeukia Fundi. Uso wake wote ulikuwa umechangamka.

"Umeona, dada?" alisema. "Inasogea."